Alichovaa Miguuni

Ganggyeong, 9 Novemba 1992

Mdogo wangu Jonggil,

Poleni na baridi ya huko Cheoram. Sisi huku hatujambo, ukiondoa mgongo wa shemeji yako, ambao kila mwaka huanza kuuma kabichi za kuchachusha zikifika uani na kupona zikishaingia mtungini. Binti yetu Misuk anafanya mtihani wa chuo mwezi ujao. Halali, anakunywa kahawa kama dereva wa lori, na ukimuuliza neno anakujibu kwa kufunga mlango. Ghala limejaa. Uduvi wa vuli umekuja mdogomdogo lakini safi, nimeutia chumvi asilimia thelathini, na wale jirani zangu wanaopunguza chumvi ili waonekane wa kisasa tutaonana nao mapipa yao yakianza kutoa povu.

Juzi nilikukatia simu. Nimeshakwambia, ukitaka kulia, lia kwenye karatasi. Kwenye simu wewe unalia, mimi nakata, halafu wote wawili tunashindwa kula.

Kuhusu kuja kumwona baba yako, jibu ni lile lile. Siji. Alituacha mimi nikiwa na miaka minane na wewe ukiwa mgongoni kwa mama, akasema anakwenda kwenye machimbo ya makaa na atatuita. Mama alifariki akisubiri kuitwa. Wewe ulipohamishiwa kazi huko ukamkuta kwenye foleni ya zahanati, ukamwokota, ukamweka nyumbani kwako. Huo ni moyo wako. Mimi moyo wangu niliutumia kubeba beseni la uduvi kichwani nyumba kwa nyumba ili wewe usome, na uliobaki hautoshi kugawa.

Mengine ni upuuzi. Mchungaji wetu mpya amekuja na mke kijana kutoka Seoul, na huyo mama mchungaji ameanzisha darasa la kutunga hadithi, Jumatano baada ya ibada, kwa akina mama. Anasema tumehubiriwa upendo wa Mungu mpaka masikio yameota sugu, sasa tujaribu kuuingia kwa mlango wa nyuma. Mimi ni shemasi, na shemasi hana pa kujificha. Kazi ya kwanza: andika siku moja ya maisha yako, lakini kwa macho ya mtu aliyekukosea. Huruhusiwi kumhukumu. Unamfuata tu.

Unajua nilimchagua nani. Nikaandika ile siku ya kabichi, alivyovuka ua na kuondoka, mimi nimesimama mikono ndani ya maji ya chumvi. Nilijaza kurasa nne. Mama mchungaji akanirudishia, akasema kwa adabu zake zote, "Mama Shemasi, hii si hadithi, ni hati ya mashtaka. Huyu bwana alivaa nini miguuni?"

Nikasema, "Mtu anayewakimbia watoto wake, miguu yake inanihusu nini?"

Akasema, "Kwa hiyo hujui."

Sikujua, Jonggil. Ninajua uzito wa kila pipa ghalani kwangu, lakini hilo sikujua. Basi muulize. Ni kwa ajili ya darasa tu. Usimwambie swali linatoka kwangu.

Dada yako,
Malsun


Cheoram, 2 Desemba 1992

Dada yangu, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mko salama, na mgongo wa shemeji nimeucheka peke yangu. Mwambie Misuk mjomba wake anamwombea. Huku theluji imewahi. Mgodi wa upande wa pili wa mto umefungwa, na nyumba za mlimani usiku hazina taa tena. Treni ninazoziongoza siku hizi zinabeba makabati na magodoro zaidi kuliko makaa.

Baba anakula kidogo. Mtungi wa oksijeni sasa tunaufungua hata mchana.

Nilimuuliza kama ulivyotaka. Sikukutaja kabisa. Alicheka mpaka akakosa pumzi. Alipotulia akasema, "Huyo ni Malsun."

"Umejuaje?"

"Wewe huna akili ya kuuliza swali kama hilo."

Nikamwambia, haya, amejulikana, sasa jibu. Akafumba macho akasema anafikiri. Kila nikirudi kutoka zamu namuuliza, "Umeshafikiri?" Ananiambia, "Bado." Sijui ni viatu gani hivyo vinavyotaka kufikiriwa wiki mbili nzima.

Dada, unaandika "baba yako" kana kwamba mimi nilizaliwa peke yangu. Hata jirani yangu, asiyetujua, anasema "baba yenu".

Njoo hata kwa siku moja. Sisemi zaidi, maana karatasi hii ikilowa utasema nimelia.

Mdogo wako,
Jonggil


Ganggyeong, 20 Desemba 1992

Mdogo wangu,

Misuk amemaliza mtihani. Amelala siku mbili, akaamka akala sufuria nzima ya supu ya mwani, akalala tena. Matokeo Mungu anajua. Mimi nimepiga hesabu zangu na sizisemi. Mgongo wa shemeji yako umepona, kama nilivyotabiri, siku ile ile mtungi wa mwisho ulipofunikwa.

Barua yako nzima hujamtaja mkeo. Yeye hajambo?

Anafikiri nini huyo? Viatu ni viatu. Sikuweza kumsubiri. Nikaandika upya, nikamvalisha viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi mpaka vinang'aa, maana mtu kama yule nilimwona hivyo, mtu anayekwenda kujitafutia raha. Nikasoma darasani. Unamkumbuka Bongnye, muuza mafuta ya ufuta, yule tuliyekua naye kijijini? Yeye amemwandika nguruwe wake aliyekufa, na kila Jumatano analia upya. Sasa akanikatiza katikati:

"Malsun wee, viatu vya ngozi? Kijiji chetu? Mwaka ule kijiji kizima kilikuwa na jozi moja, ya mwalimu mkuu, na mvua ikinyesha alivivua akavibeba kwapani!"

Akina mama walicheka mpaka mchungaji akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna mtu ameanguka.

Mama mchungaji hakucheka. Alisema, "Mama Shemasi, usimvalishe unachotaka wewe. Mvalishe alichovaa."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Maneno madogo, lakini yalinifuata mpaka ghalani. Mimi siuzi kitu kwa jina lisilo lake. Mtu akiniletea uduvi wa vuli akasema ni wa mwezi wa sita, ule ulio bora, namfukuza. Na hapa nimekamatwa nimembandika mtu lebo ya uongo, tena kanisani.

Mwambie amalize kufikiri. Darasa linafungwa kwa Krismasi na kufunguliwa mwezi wa pili.

Malsun


Cheoram, 28 Januari 1993

Dada, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Nisamehe kwa kuchelewa. Theluji ilizika reli, tulilala kituoni tukichimba kwa zamu, na posta ilisimama. Pongezi nyingi kwa Misuk! Nilipata habari kwa shemeji alipopiga simu kituoni. Baba naye nimemwambia. Alisema, "Ana akili za bibi yake."

Siku ya pili yake akanijibu. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, polepole, maana kila sentensi anaikata mara mbili ili avute hewa.

Alisema: "Nilivaa viatu vya mama yenu."

Nikadhani mawazo yameanza kumtoka. Akasema, "Sikiliza. Nilitoka ndani sikuangalia chini. Viatu vilikuwa kwenye jiwe la mlangoni, vyangu na vyake, vyote vya mpira, vyote vyeupe. Nikaingiza miguu nikaenda. Nilifika kwenye kona ya mashamba ya mpunga, pale njia inapopanda, ndipo nikaona mbona kisigino kiko nje. Nikatazama. Pua ya kiatu imechongoka juu. Vya mwanamke."

Nikamuuliza, "Ukafanyaje?"

"Nikaenda navyo hadi huku. Kwenye treni watu walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimemkimbia mke au nimemwibia."

Hapo alicheka mwenyewe, nikafungua mtungi wa oksijeni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hayo ndiyo majibu ya darasa lako. Mimi nimeyabeba siku kadhaa kabla ya kuyaandika, sijui kwa nini yalikuwa mazito.

Jonggil


Ganggyeong, 15 Februari 1993

Jonggil,

Tuko wazima. Misuk tumemsindikiza Daejeon, chumba chake ni kidogo kuliko friji yangu.

Nitakwambia kitu, wewe ulikuwa mchanga huwezi kukumbuka. Majira yale ya baridi mama alivaa viatu vya baba. Vikubwa, amevijaza majani makavu ya mpunga, akitembea vinapiga chwa, chwa, kijiji kizima kinajua ni yeye. Niliona aibu. Nilidhani anavivaa kwa kumtamani mtu aliyemtupa. Siku moja nilimwambia, "Mama, vivue, watu wanatucheka." Akanijibu, "Miguu lazima ivae kitu." Basi. Miaka yote hii nimemhesabia mama kuwa mwanamke asiye na haya, kwa sababu ya viatu. Kumbe hakuwa na vingine. Na hakusema! Wazazi tuliopewa sisi, Jonggil, mmoja anaondoka bila kuangalia chini, mwingine ananyamaza mpaka kaburini, na mimi katikati natakiwa nitunge hadithi.

Nimechoka. Nilitaka mtu mbaya mwenye viatu vinavyong'aa. Nimepewa mtu amesimama kwenye mashamba ya mpunga na visigino viko nje.

Sasa nimekwama pale kwenye kona. Nimemfikisha, amegundua, na hasogei. Mama mchungaji anasema nisimsukume, nikae naye mpaka nijue. Kwa hiyo muulize: mbona hakurudi kubadilisha? Nyumba ilikuwa inaonekana kutoka pale. Mtu mwenye akili anarudi.

Barua mbili sasa hujamtaja mkeo. Na unasema "nikafungua mtungi", "nikamuuliza", "nimemwambia", kila kitu wewe peke yako. Mimi ni mtu wa hesabu. Kwenye nyumba hiyo kuna mtu amepungua.

Malsun


Cheoram, 9 Machi 1993

Dada, shikamoo.

Huwezi kufichwa kitu. Mke wangu yuko Suwon kwa mama yake na watoto, tangu Oktoba. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisema aliolewa na mtumishi wa reli, hakuolewa na hospitali. Ninaenda kuwaona nikipata likizo. Tafadhali usimpigie simu.

Swali lako nilimuuliza wakati nikimkanda mgongo, kwa sababu akiwa amenipa kisogo husema zaidi. Akasema:

"Kuondoka mara moja niliweza. Mara ya pili nisingeweza."

Nikamwambia, "Basi ungerudi, ukashindwa kuondoka, ukabaki! Ingekuwa vibaya?"

Akasema, "Ndiyo maana sikurudi."

Nimeyapindua maneno hayo kila upande, sijapata pa kuyashikia. Nikamuuliza lile ambalo mimi mwenyewe nimelitaka siku zote, mbona hukutuma hata neno moja, kwa miaka yote? Akageukia ukutani. Tangu hapo akiona nakaribia na uso wa kuuliza, anajifanya anakoroma.

Daktari wa zahanati alikuja. Sitaki kuandika alichosema. Njoo, dada.

Jonggil


Ganggyeong, 2 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Mkeo sikumpigia. Nimemtumia kopo la uduvi wa mwezi wa sita, ule wa mwisho niliouweka kwa ajili yangu, bila barua. Akitaka kuelewa ataelewa.

Shemeji yako hajambo. Misuk ameandika anataka kuacha hesabu asome uchongaji wa vinyago. Nimemjibu kwa neno moja.

Jumatano nilisoma darasani. Niliandika jinsi anavyotoka, anavyoingiza miguu, anavyovuka ua, kona, visigino, na jinsi anavyosimama. Nimekaa naye pale wiki sita, Jonggil. Nikikoroga pipa, yupo. Nikipokea simu ya mteja, yupo, anatazama viatu. Nilijua upepo ulitoka upande gani. Nilijua mpunga ulikuwa umeshavunwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kujifichia. Sikuongeza neno la kumtetea hata moja. Niliposoma pale anapogundua, akina mama walicheka. Niliposoma pale anaposimama, waliacha.

Bongnye akasema, "Masikini."

Nilipandwa na hasira! Nikamwambia, "Masikini nani? Aliyevaa au aliyevuliwa?"

"Mimi sijui," akasema. "Wewe ndiye umeandika."

Nikuambie jambo, na usimwambie mtu, mimi ni shemasi. Miaka yote kwenye maombi ya alfajiri nimekuwa nikimpeleka mtu yule mbele za Mungu kama unavyompeleka mwizi kituoni. Nasema, Bwana, mwone huyu. Nilidhani Mungu akimwona, basi amemkamata. Sasa mimi mwenyewe nimemtazama wiki sita tu, tena kwa shingo upande, tena kwa ajili ya darasa, na tayari nashindwa kumchukia vizuri. Chuki yangu inavuja. Je, Yule anayemtazama tangu kuzaliwa, bila kupumzika, bila kuruka hata siku moja kwa sababu inachosha? Niliposikia mahubiri ya kwamba Mungu anampenda kila mtu, nilisema amina kama mtu anayepiga mhuri. Sikuwahi kufikiria kazi iliyomo. Ni kazi nzito. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu mlangoni ovyo, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Halikunipendeza. Nilitaka Mungu awe upande wangu. Nimemkuta amesimama kwenye kona na mtu yule.

Darasa lilipokuwa linatawanyika, Bongnye akanishika mkono. "Malsun, na wewe ulikuwa wapi?"

"Uani. Mikono kwenye maji ya chumvi. Nimeandika."

"Umeandika yeye anapita. Alikuona?"

Nimeweka hadithi mezani hapa ikiwa na nafasi tupu katikati yake, mahali anapopita mbele yangu. Muulize. Aliniona au hakuniona. Jibu la neno moja linatosha.

Malsun


Cheoram, 24 Aprili 1993

Dada, shikamoo.

Mke wangu alipiga simu kituoni. Hakusema anarudi. Aliuliza kama ule uduvi unaliwa pamoja na nyama ya nguruwe ya kuchemsha au ya kukaanga. Nilimwambia ya kuchemsha. Hatukukata simu mpaka treni ya mizigo ikapita.

Swali lako nimempelekea mara nyingi. Mara ya kwanza alisema, "Bado nafikiri." Mara ya pili alijifanya anakoroma. Jana alinishika mkono, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akasema, "Hilo si swali la kutuma kwa posta. Mwambie aje aulize."

Najua utasema anakuvua kama samaki. Nimemwambia hivyo hivyo, "Dada atasema unamvua." Akasema, "Basi na aje anikatie kamba."

Dada, hali yake ni hii: hawezi kulala chali, hawezi kulala ubavu, analala amekaa ameegemea mgongo wangu, nami nakaa hivyo mpaka zamu yangu ifike. Juzi nilisinzia kwenye kibanda cha kuongozea treni. Hakuna kilichotokea. Lakini nilisinzia.

Sikuombi umsamehe. Wala sikuombi umwite baba. Nakuomba uje ili nipate kulala.

Jonggil


Ganggyeong, 30 Mei 1993

Mdogo wangu Jonggil,

Nimefika salama. Treni ya Jecheon ilichelewa, ile ya Daejeon nikaikosa, nikaingia nyumbani watu wamelala. Shemeji yako alikuwa amenipikia wali, umeungua, nimekula wote. Misuk amekubali kumaliza mwaka wa kwanza wa hesabu kwanza. Ghala liko shwari.

Ulilala mchana kutwa. Nilipokuambia "nenda chumba cha pili ulale" nilifikiri utabisha. Ulianguka kama gunia. Jioni ulinisindikiza kituoni, hukuuliza, nami sikusema. Sasa naandika, maana kwa karatasi wote wawili tunajiweza.

Nilikuwa nimejitayarisha tangu Daejeon. Nilikuwa na maneno. Nimeingia, amekaa ameegemea mito, mdogo kama mtoto wa shule, mrija puani. Akanitazama.

"Umenenepa," akasema.

"Nimekula jasho langu."

"Vizuri."

Maneno yangu yote yakanitoka. Nikakaa. Nikaona mikono yake juu ya blanketi, kucha ndefu zimejikunja. Wewe umefanya kila kitu, Jonggil, lakini mwanamume haoni kucha.

"Leta mkono," nikasema.

"Wa nini?"

"Kucha zako zinatia aibu."

Akatoa. Nikatafuta mkasi kwenye droo yako, nikaanza. Makaa yameingia chini ya ngozi, mistari ya buluu, hayatoki kwa sabuni. Mkono hauna uzito. Mimi ninapima vitu kwa mkono kila siku, na ule haukuwa na uzito wowote. Nilipomaliza kidole gumba nikauliza bila kuinua macho.

"Siku ile ulipovuka ua. Uliniona?"

Mtungi ukawa unapumua peke yake. Nilikuwa na jibu kwa kila jibu. Akisema aliniona, ningemwambia, na bado ukaenda. Akisema aliniona akalia, ningemwambia ni mwongo.

Akasema, "Hapana."

"Nilikuwa mbele yako kabisa. Ungenyoosha mkono ungenigusa."

"Inawezekana. Nilikuwa natazama lango."

"Hata kidogo?"

"Malsun, ningeweza kukudanganya. Jonggil aliniambia nikudanganye. Alisema, dada akija mwambie ulimwona, itakugharimu nini." Akavuta hewa. "Nilifikiri sana. Lakini umesafiri kutoka mbali."

Hilo la kumfundisha mgonjwa uongo tutalizungumza siku nyingine, wewe. Lakini nakiri kwamba kama angekusikiliza, nisingemwamini, na ningerudi na mzigo ule ule niliokwenda nao.

Nikasema, "Leta mkono wa pili." Akaleta. Nikamkata kucha zote, nikamkata na za miguuni, nikazifunga kwenye gazeti. Hatukusema tena la maana. Aliniuliza chumvi natia kiasi gani. Nikamwambia majira ya joto naipandisha mpaka arobaini. Akasema ni nyingi. Nikamwambia asiniingilie kazi. Akasinzia ameegemea mgongo wangu, nami nikakaa kama unavyokaa wewe, na sasa naelewa kwa nini ulisinzia kibandani.

Sijamsamehe. Nimejipekua njia nzima kwenye treni, sijamsamehe. Kuna uchovu tu mahali hasira ilipokuwa, na sijui kama kwa Mungu hilo linahesabiwa.

Jana nikaketi nikaandika ile nafasi tupu. Niliandika ukweli. Anavuka ua, anatazama lango, hamwoni mtoto. Nilidhani nitaandika sentensi moja hiyo na kuweka kalamu chini. Lakini huwezi kuandika kwamba mtu hakuona kitu bila kuandika hicho kitu ambacho hakukiona. Ikabidi nimwandike yule mtoto. Nikaandika mikono imekuwa myekundu mpaka kwenye kiwiko. Nikaandika jani la kabichi limemganda shavuni. Nikaandika amevaa koti la mama, mikono ya koti imekunjwa, na anafungua mdomo kuita na haiti. Nikaendelea, Jonggil, kurasa tatu, na sikuwa natunga. Vitu vilikuwepo, vinaningoja. Nilipoinua kichwa nikajiuliza, haya nimeyatoa wapi? Baba hakuniona. Mama alikuwa ndani nawe. Mimi nisingeweza kuliona jani kwenye shavu langu mwenyewe.

Mtu fulani alikuwa ananitazama siku ile. Toka kichwani hadi miguuni, bila kuruka kitu. Nimekaa na karatasi zile, mimi niliyelalamika miaka yote kwamba hakuna aliyeniona, nikalia. Kwa sauti, mpaka shemeji yako akaja na taulo akidhani ni mgongo.

Jumatano nitasoma. Bongnye ataanza kulia kabla sijafungua mdomo, namjua.

Kula. Mpigie mkeo kabla hajakupigia. Na baba yetu akiuliza nitakuja tena lini, mwambie uduvi wa mwezi huu ukishatiwa chumvi. Asipouliza, mwambie vilevile.

Dada yako,
Malsun